Tapeti Zinazojiseti

Injini ya Toyota 3Y ina vali nane. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kujifunga mara 1500 ndani ya dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde. Zote nane kwa pamoja ni mara 12,000. Dereva wa Haisi ya zamani yenye injini hiyo ameikalia kazi hiyo yote, maana injini iko chini ya viti vya mbele: joto lake analipata mapajani, mtetemo wake anaupata mgongoni, na sauti yake humfikia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku tapeti, vile vyuma vinavyopokea msukumo wa kamshafti ili vali zifunguke, zikianza kugonga, yeye ndiye wa kwanza kusikia. Mara nyingi ndiye wa mwisho kusema, na sababu ya ukimya huo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kugonga kwa tapeti hakufanani na kugonga kwingine. Beringi za krenki zikilegea, mlio huwa mzito, hutoka chini, na huzidi gari linapopanda na mzigo. Pistoni ikicheza ndani ya silinda, mlio hupungua injini ikishapata moto. Tapeti zina mlio mwepesi na mkavu, ta-ta-ta-ta, unaotoka juu na kwenda kwa nusu ya mwendo wa injini, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, huutambua gari likiwa bado linatafuta pa kuegesha. Fundi akitaka uhakika huchukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya tapeti kava na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio, akahama silinda moja baada ya nyingine, macho kayafumba, na kelele zote za Mtaa wa Msimbazi zikiendelea nyuma yake.

Nilikuwepo kijana mmoja, dereva wa Haisi ya petroli inayobeba mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, alipofika kwa mzee mwenye gereji bubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo kuna nini?"

"Tapeti zinagonga. Naomba unisetie, mchana nina mzigo wa Mbagala."

"Hizi hazisetiwi. Zinajiseti zenyewe. Oili umemwaga lini?"

Kijana alinyamaza, akalitazama gari. Hakuwa mzembe. Swali lile halikuwa lake peke yake, na mzee alilijua hilo, maana hakumkaripia. Alivuta stiki ya oili, akasugua tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa. Kisha akauliza taa ya oili huchukua muda gani kuzimika asubuhi. Kijana akajibu kwamba taa yenyewe iliungua zamani.

Wazee wa mjini waliowahi kumiliki Volkswagen Kombi wanajua kazi ya kuseti ilivyokuwa. Chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo kati ya roka, mkono unaoisukuma vali, na mkia wa vali lazima ibaki nafasi kidogo. Kwenye Kombi ya injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, nafasi hiyo ni milimita 0.15, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, baada ya gari kulala usiku kucha. Fundi hupitisha filageji, akasikilizia kwa vidole: ipite, lakini ishike kidogo. Hulegeza nati, akageuza skrubu, kisha akaishikilia skrubu isizunguke wakati anakaza nati. Anayeiacha ikazunguka hurudia kazi.

Nafasi ikizidi, vali huchelewa kufunguka na huwahi kufunga, vyuma hupigana, injini hupoteza nguvu. Nafasi ikikosekana, mambo huwa mabaya zaidi, na kwa kimya. Vali ya moshi hutoa joto lake kwa kugusana na siti yake kwenye silinda hedi. Ikibanwa isikae sawasawa, joto halina pa kwenda, na ukingo wake huungua. Ndiyo maana mafundi wengi huona afadhali tapeti inayosikika kuliko iliyobana.

Haisi za dizeli za injini ya 3L hazina skrubu. Zina shimu, visahani vya chuma vinavyokaa juu ya tapeti, na fundi hubadilisha kisahani kwa kingine kinene au chembamba zaidi kwa tofauti ya milimita 0.05 hadi nafasi ipatikane: kati ya 0.20 na 0.30 kwa vali za hewa, kati ya 0.40 na 0.50 kwa vali za moshi, ambazo hupewa zaidi kwa kuwa hupata moto zaidi. Kazi hiyo inataka mtu mwenye mikromita, kalamu na utulivu. Anapima, anaandika, anatoa, anajumlisha, halafu ndipo anatafuta shimu.

Tapeti za haidroliki humwondolea mtu kazi hiyo. Nchini Marekani, Cadillac ilikuwa na kifaa cha namna hiyo kwenye injini yake ya silinda 16 mwaka 1930, na Pierce-Arrow ikafuata mwaka 1933. Yalikuwa magari ya matajiri, na kilichotafutwa kilikuwa utulivu: mwenye gari asisikie injini. Nusu karne baadaye, mwaka 1982, Toyota ilitoa injini za familia ya Y na kuziwekea tapeti hizo. Safari hii hazikuwa za magari ya fahari. Zilifungwa kwenye Haisi, TownAce, LiteAce na Hilux, na hata kwenye fokolifti. Magari hayo ndiyo yaliyokuja Dar es Salaam kwa wingi kama mitumba kutoka Japani, yakiwa tayari yamefanya kazi ya miaka mingi kwa watu wengine.

Ndani ya tapeti moja kuna kikombe cha chuma, pistoni ndogo inayoteleza ndani yake, springi chini ya pistoni, na kigololi kinachoziba tundu. Vali ikiwa imefunga, oili yenye presha hupita kwenye tundu na kujaza chumba kilicho chini ya pistoni, huku springi ikiisukuma pistoni juu hadi nafasi yote iishe. Kamshafti ikija kuinua tapeti, kigololi huziba tundu na oili hubaki imefungiwa. Chukua bomba la sindano, lijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma: halisogei. Acha povu la hewa liingie, sukuma tena: linabonyea. Hiyo ndiyo siri nzima ya tapeti hizi na ugonjwa wake wote. Oili safi iliyofungiwa hufanya kazi ya chuma. Oili yenye hewa, au inayovuja kwa sababu uchafu umekizuia kigololi kisikae, huacha pengo, na pengo hugonga.

Kwenye 3Y roka hazina skrubu ya kugeuza. Fundi aliyezoea Kombi hufungua tapeti kava akitafuta pa kushika, asipate. Injini za Volkswagen za baadaye, zile za lita 1.9 zinazopozwa kwa maji, ziliachiwa skrubu: unaigeuza hadi iguse vali, kisha unaongeza mizunguko miwili, pistoni ya tapeti iingie katikati ya safari yake. Lakini hata hapo kinachowekwa ni mahali pa kuanzia tu. Kipimo chenyewe huwekwa na oili kila mara vali inapofunga, hata mara 25 kwa sekunde, gari likiwa Jangwani, Magomeni au Manzese, bila fundi kuwepo.

Kwa hiyo mzee yule hakuseti kitu. Aliinua kiti, akafungua tapeti kava, na chini ya kava tukaona matope meusi yamejikusanya kwenye pembe za hedi. Alizungusha injini kwa spana hadi vali za silinda ya kwanza zikafunga, akabonyeza roka kwa kidole gumba. Haikubonyea. Silinda ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, roka ya vali ya moshi ilizama chini ya kidole kwa ulaini, ikarudi polepole. Alimwita kijana aweke kidole chake. "Umesikia? Hapo ndani kuna hewa."

Alitoa roka na pushirodi, akazitoa tapeti moja moja kwa sumaku, na kila iliyotoka aliiweka kwenye trei ya mayai iliyoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Utaratibu huo si wa kujionyesha. Uso wa chini wa tapeti na nundu ya kamshafti vimesagana miaka mingi hadi vikazoeana. Ukihamisha tapeti ya namba tano ukaipeleka namba mbili, huanza kula nundu isiyo yake, na baada ya muda utakuwa unatafuta kamshafti. Kwa sababu hiyo hiyo, kununua tapeti moja ya mtumba na kuichomeka kwenye injini iliyokwisha kuzoea yake ni bahati nasibu, hata kama muuzaji anaapa kwamba imetoka kwenye injini nzima.

Alizisafisha kwa mafuta ya taa, akazizamisha kwenye bakuli la oili mpya, akapitisha waya mwembamba kwenye tundu la juu kukisukuma kigololi huku akiipandisha na kuishusha pistoni. Povu zilipanda. Aliendelea hadi povu zikakoma, akatoa waya, akabonyeza kwa gumba. Tapeti iligoma kubonyea. Akaiweka kwenye trei, akachukua nyingine. Mbili zilikataa kujaa hata baada ya kusafishwa mara kadhaa. Hizo alizitenga kwa kubadilishwa na mpya. Alipozifunga zote hakupiga stata mara moja. Aliizungusha injini kwa mkono taratibu, akaiacha ipumzike ili tapeti zilizojaa zishuke kiasi chake, vali zisije zikabaki wazi na kukutana na pistoni za silinda.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu ina funzo ambalo wengi hatulioni. Tunaposema kitu kinajiseti, tunadhani uangalizi wake umeisha. Haukuisha. Umehama. Kwenye Kombi ulikuwa kwenye skrubu, mikononi mwa fundi, mtu mmoja anayejulikana, siku inayojulikana. Kwenye 3Y umehamia kwenye oili, na oili haina siku yake wala mtu wake. Iko kwenye kila mkono unaoligusa gari na kila duka linalouza chupa.

Oili inayotosha injini hiyo ni chini ya galoni moja la lita nne. Gari linalokwenda kilomita 150 kwa siku humaliza kilomita 5000 kwa mwezi mmoja hivi. Hata hesabu hiyo hudanganya, maana katika jiji hili injini hufanya kazi saa nyingi ambazo hazihesabiwi kilomita: foleni za asubuhi, foleni za jioni, kusubiri mzigo Mtaa wa Congo huku injini inanguruma kwa kuwa stata ni mbovu. Oili hupikwa hata gari likiwa limesimama. Na kwenye Haisi nyingi za zamani kipima kilomita kilikufa zamani, kwa hiyo mwezi hubaki kuwa kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu hiyo hutegemea amelala wapi, mwanawe anaumwa au hajambo, na wiki ile trafiki wamemsimamisha mara ngapi.

Kisha kuna ununuzi. Kariakoo ina oili ya kila namna: galoni zilizofungwa, chupa za lita moja, na oili ya kupima inayotoka kwenye pipa. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC) zina kazi ya kupambana na bidhaa hafifu na bandia, lakini mnunuzi aliyesimama dukani ana macho na pua tu. Wapo wanaouza dawa nzito ya kumwaga kwenye injini ili kelele zife, na kelele hufa kweli kwa muda, kwa sababu oili nzito huchelewa kuvuja kwenye tapeti iliyochakaa. Matundu hubaki na uchafu wake. Injini iliyonyamazishwa kwa njia hiyo imenyang'anywa namna pekee iliyokuwa nayo ya kumweleza dereva kwamba inaumia.

Oili chafu inayomwagwa haipotei. Hukusanywa kwenye madumu na kuuzwa tena kwa wanaopaka mbao za kenchi na nguzo za uzio ili mchwa wasile. Jiji hili linajua kutunza thamani hata ya kitu kilichochoka. Linachoshindwa ni kukubaliana nani analipia kipya.

Hapa ndipo narudi kwenye ukimya wa kijana. Gari si lake. Lina tajiri, anayetaka hesabu yake jioni bila kupungua. Dereva hununua mafuta, hulipa utingo, hutoa hesabu, na kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Siku nyingine humpa gari deiwaka, dereva wa kushikilia kwa siku, naye deiwaka ana siku yake moja tu ya kujali. Matengenezo makubwa ni ya tajiri. Pancha na vijisenti vya njiani ni vya dereva. Oili hukaa katikati, na kilicho katikati kila mtu humwachia mwenzake. Dereva akisema tapeti zinagonga, anaweza kuambiwa yeye ndiye aliyeliharibu gari, au gari likalazwa siku mbili na siku hizo asile. Akinyamaza, anakula leo. Sioni ubaya wa moyo katika uamuzi huo. Ni uamuzi wa mtu anayeishi kwa siku moja moja, na injini inataka mtu anayeweza kufikiria mwezi.

Hali hii ina historia. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974, na liliposhindwa kubeba watu wote serikali iliruhusu watu binafsi mwaka 1983. Daladala zikaja, na bila hizo mji huu usingetembea. Matumaini yalikuwa kwamba ushindani ungejipangia wenyewe idadi ya mabasi, njia na mwendo. Mambo mengi yalijipanga kweli. Lakini mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake Taken for a Ride cha mwaka 2017, alieleza jinsi wengi wanaoendesha daladala wasivyozimiliki, na jinsi wanavyofanya kazi bila mikataba, wakibanwa na hesabu ya kila siku. Mwendo kasi, kujaza kupita kiasi na saa ndefu za kazi, ambavyo abiria huviona kama tabia mbaya za watu, huanzia kwenye hesabu hiyo. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, na miongoni mwa madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, Mwendokasi, yakaanza Barabara ya Morogoro, Haisi zikazidi kusogea pembeni: kubeba wanafunzi, mizigo ya Kariakoo, misiba, abiria wa vitongoji ambako lami imeishia. Magari yamezeeka na kazi zimekuwa za kuungaunga, lakini mapatano kati ya mwenye gari na mwendeshaji yamebaki yale yale ya mdomo.

Ninayaheshimu mno maarifa ya Gerezani. Mzee asiye na kitabu cha kiwanda alizifanyia tapeti zile kazi ambayo kitabu kingemwelekeza kuifanya, hatua kwa hatua, kwa bakuli, waya na trei ya mayai. Lakini maarifa hayo hutumika gari likiwa limekwisha kuugua, na kila mara humkuta mtu yule yule aliyebanwa. Fundi anaweza kutoa hewa kwenye tapeti. Hana uwezo wa kuirudisha oili safi kila mwezi kwenye gari la tajiri asiyemjua. Tukiendelea kumtegemea yeye peke yake, tutaendelea kuwasifu mafundi kwa kuokoa injini ambazo hazikupaswa kufika kwao.

Ninaamini tiba inaanza na pesa. Fedha ya oili itolewe kwanza, kabla ya hesabu ya tajiri na kabla ya posho ya dereva, kidogo kidogo kila siku, ikae kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Oili ikimwagwa, tarehe na aina yake viandikwe kwenye kipande cha karatasi kinachobandikwa karibu na usukani, deiwaka naye akione. Na dereva aliyesikia tapeti zinagonga awe na haki ya kuzima gari siku hiyo bila kudaiwa hesabu. Mapatano kama hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, watu wawili wakasaini chini yake, na gharama yake kwa mwezi ni galoni moja la oili na filta.